Sinunui kwa Anayefukuzwa

Nilipohamishia cherehani yangu Jeppestown, huku Afrika Kusini, mwanzoni mwa 2015, mwenye karakana alinipa masharti mawili: nisivute sigara karibu na vitambaa, na nisile kwenye meza ya kukatia. La tatu hakulisema, nikaja kuligundua mwenyewe. Lilikuwa kwamba ukishakaa pale, utasikiliza habari za Qingdao mpaka masikio yaombe likizo.

Alikuwa bibi wa Kichina aliyekaribia miaka themanini, mfupi, mwenye sweta ya kijani asiyoivua hata Januari, joto linapochemsha bati la paa. Mafundi wa Kizulu walimwita Gogo, yaani bibi kwa lugha yao, mimi nikamwita Bibi, naye aliitika yote mawili. Tulizungumza Kiingereza cha dukani, chake kibovu kwa namna moja na changu kibovu kwa namna nyingine, na kila mmoja alimwona mwenzake ndiye mwenye makosa. Yeye na marehemu mumewe walikuja Afrika Kusini kutoka Taiwan na kontena la mashine, wakati mimi bado niko shule ya msingi Kigoma. Lakini kabla ya Taiwan alikuwa mtoto wa Qingdao, mji wa bandari kaskazini mwa China, na huko ndiko akili yake ilikorudi kila siku baada ya chai ya mchana.

Utaratibu wa pale ulikuwa kwamba kila fundi anakuja na cherehani yake. Bibi anakupa nafasi, umeme, na fungu la sare za shule. Ukimaliza sare zake unashona za wateja wako. Kwa hiyo cherehani ndiyo kazi yenyewe. Ukiwa nayo una mahali. Ukiwa huna, wewe ni mgeni tu uliyepanda ngazi kusalimia. Yangu ilikuwa ya kiwandani, yenye meza yake na mota chini, na niliipata baada ya kufagia nywele za watu kwenye saluni za Rosettenville kwa muda ambao sipendi kuukumbuka. Niliipenda kuliko nilivyompenda baba wa binti yangu, na iliniheshimu zaidi.

Kwenye kona, chini ya blanketi, kulikuwa na cherehani nyingine. Ilikuwa ya miguu, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika upande ambao mikono ya watu ilipita. Umeme ukikatwa, na ulikatwa bila aibu, Bibi aliivua blanketi na sisi mafundi tukapokezana. Ilishona vizuri ajabu. Ilipita juu ya jinzi iliyokunjwa mara nne bila kulalamika. Lakini Bibi mwenyewe, fundi aliyewafundisha mafundi, hakuikalia hata mara moja. Umeme ukikatwa alikaa kwenye kigoda akifumua nyuzi kwa wembe, na cherehani bora kuliko zote ikiwa hatua chache kutoka magotini pake.

Nilifanya kosa la kumuuliza kwa nini.

Alianzia kwenye redio. Kila mara alianzia hapo, ungedhani bila redio hadithi isingewaka. Alikuwa na miaka tisa, na mji ulikuwa mikononi mwa Wajapani. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha pamba cha Wajapani, na siku hiyo watu wote walikusanywa uani kusikiliza sauti ya mfalme wa Japani. Hakuna aliyeelewa, maneno yalikuwa ya kifalme na redio ilikoroma. Ila mke wa msimamizi, Mjapani aliyekaa nyumba ya jirani, alipiga magoti akalia, na kwa kilio hicho Wachina wakajua kwamba vita imekwisha na kwamba Japani imeshindwa.

Mtoto yule akadhani amani ni kitu kinacholetwa. Akadhani italetwa na treni, na ndani ya treni kutakuwa na unga. Akaenda kusimama karibu na reli. Treni haikuja, kwa sababu wapiganaji wa milimani walikuwa wameing'oa njia, na makaa ya mawe yote yalibaki huko ndani ya nchi wakati mji wa pwani unaingia baridi. Watu walikata miti ya barabarani. Wakakata na ile ya bustani, miti ya maua ambayo Wajapani waliipanda na kuitunza, na hakuna aliyesikitika ila wale walioikuta bado mibichi, ikatoa moshi bila moto.

"Na wanajeshi wa Japani walikuwa wapi?" nilimuuliza mara ya kwanza, nilipokuwa bado na hamu ya kuuliza.

Wapo, alisema. Wamesimama kwenye pembe za barabara na bunduki zao. Waliambiwa walinde mji mpaka atokee mtu wa kuwapokea. Nilimwambia haiwezekani, mtu aliyeshindwa vita hawezi kuwa polisi wa aliyeshinda. Akanitazama kwa subira iliyoniudhi, akasema ndivyo ilivyokuwa, wiki hadi wiki, na watu waliendelea kuwainamia kwa mazoea huku wakijisikia wajinga. Kisha zikaja meli za Wamarekani, vijana warefu kwenye magari ya jeshi wakirusha peremende, na mama yake akamkataza kuokota, halafu siku ya pili akamuuliza mbona hakuokota.

Baada ya Wamarekani wakaja maofisa wa serikali yao wenyewe kutoka bara, na hapo ndipo Bibi alipokasirika zaidi ya alivyowakasirikia Wajapani. Walikuja na gundi na karatasi. Ofisi moja ilibandika lakiri ya karatasi kwenye lango la kiwanda kwamba mali hii ni ya serikali. Kesho yake ofisi nyingine ikaichana ikabandika yake. Ya tatu haikujisumbua kuchana, ilibandika juu yake tu. Ndani ya lango mashine zimenyamaza. Nje ya lango baba yake na wenzake wamekaa chini, wanasoma karatasi mpya. Noti za zamani zilipokelewa sokoni asubuhi na kukataliwa mchana. Baba yake alikuwa na msemo wake wa siku hizo: zamani tulikuwa na njaa kimyakimya, sasa tuna njaa na bendera.

Mimi nilikuwa na vifungo vya kushona. Sare za shule hazijali nani alibandika nini. Lakini Bibi akishaanza, ukiinamia kazi anakuja kusimama upande ule unaotazama, kwa hiyo nilimsikiliza, na nikawa najua hali ya Qingdao ya mwaka ule kuliko ninavyojua hali ya Kigoma ya mwaka wowote.

Sehemu ya mwisho ilikuwa mtaa wa mikeka. Raia wa Kijapani waliambiwa watarudishwa kwao kwa meli, na kila mtu atabeba tu kile mgongo wake unachoweza. Basi wakatandika mikeka barabarani wakauza maisha yao: nguo za hariri, bakuli, saa za ukutani, wanasesere wa watoto. Watu wa mji walikuja na vikapu. Walikuwa wameonewa miaka mingi, na sasa ilikuwa zamu yao kusema bei. Mama yake alipewa cherehani ya mke wa msimamizi kwa gunia la viazi vitamu vikavu. Yule Mjapani hata alimkalisha mama yake, akamwonyesha jinsi ya kupitisha uzi na mahali pa kutia mafuta.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu tukawa na cherehani," alisema Bibi, na akaifunika blanketi.

Kila mara iliishia hapo. Miaka minne nilisikia hadithi inayoishia kwenye blanketi. Nilikuwa natamani kumshika mabega.

Ingekuwa hadithi tu ningevumilia, lakini ilikuwa na sheria yake, na sheria hiyo ilitugusa mifuko. Mwaka uleule wa 2015 ziliposhika vurugu za kuwafukuza wageni, fundi mmoja wa Malawi aliyeshona pamoja nasi aliamua kurudi kwao. Alikuwa na sanduku zima la zipu, nzuri, za shaba, akamletea Bibi kwa bei ya bure. Bibi akakataa. Alimpa chai, akamsindikiza mpaka chini kwenye lango, na kwenye lango akarudia kukataa. "Sinunui kwa anayefukuzwa," alituambia alipopanda. Wiki hiyohiyo tuliishiwa zipu za sketi na yeye akanituma mjini kununua mbovu kwa bei ya dukani. Sisi mafundi tulikubaliana, kila mmoja kwa lugha yake, kwamba huo ni ubahili uliovaa kanzu.

Ikafika Septemba ya 2019, vurugu zikarudi. Moto ulianzia karibu kabisa na karakana, watu walitoka kwenye hosteli za wafanyakazi na marungu, maduka ya mtaa wa nyuma yakaungua, na Bibi akafunga lango. Mimi nilikuwa chumbani kwangu, mtaa wa La Rochelle, na binti yangu wa miaka kumi na miwili, tumeweka kabati nyuma ya mlango. Simu haikunyamaza. Kundi letu la WhatsApp la Waswahili, ambalo siku za kawaida ni la matangazo ya harusi na dawa za nguvu, lilijaa video ambazo hakuna aliyejua zilipigwa mtaa gani wala mwaka gani. Siku ya tatu nikasema imetosha. Tunarudi Kigoma.

Binti yangu amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote na kukijibu kwa Kizulu. Aliniambia, kwa Kiingereza ili nisijifanye sijaelewa, kwamba mimi ndiye ninayerudi nyumbani. Yeye anaondoka nyumbani. Nikamwambia apange nguo zake.

Hapa kwetu mtu akitangaza kwamba anarudi, hapigiwi simu, anatembelewa. Watu wanakuja kukupa pole. Wanakaa kitandani, wanatikisa vichwa, wanasema dunia imeharibika, na macho yao yanapanda na kushuka friji. Jirani yangu msusi, Mkongo wa Bukavu, mwanamke ambaye sina ubaya naye hata leo, alikuja tusali pamoja. Aliomba kwa sauti tusafiri salama, tupite mipaka yote bila taabu, na akiwa bado amefumba macho akaniuliza kama zile sufuria ziko na mifuniko yake.

"Iko," nilimwambia. "Fumbua macho uhesabu."

Akachukua sufuria. Akachukua na sahani, na pazia la maua. Mrundi wa ghorofa ya chini akachukua friji, akalalamika kwamba inanguruma. Mtu wa kanisani ambaye sikumjua akachukua kitanda tukiwa bado tunakilalia. Kila mmoja alitaja bei, na bei zao zilifanana na zile za mtaa wa mikeka, kwa sababu wote walijua basi linaondoka Jumamosi na mimi sina pa kukataa. Wakati wote huo, ndani ya kichwa changu, yule Bibi alikuwa anabandika karatasi zake. Nilichukia kwamba hata kufukuzwa kwangu alikuwa amekwisha kunisimulia kabla.

Nilipojumlisha, nauli ya watu wawili hadi Tunduma haikutimia. Kilichobaki ni cherehani, nayo ilikuwa Jeppestown, nyuma ya lango la Bibi. Hakuna Mswahili mwenzangu aliyekuwa na uwezo wa kuinunua wala ujasiri wa kwenda kuibeba mtaa ule. Mtu mmoja tu angeweza kuinunua bila hata kuisogeza.

Alhamisi barabara zilitulia kidogo. Nilikwenda. Mtaa ulinuka mpira ulioungua, na vioo vilipasuka chini ya viatu. Bibi alinifungulia mwenyewe, sweta ileile, na juu alikuwa peke yake. Nikamweleza haraka: basi ni Jumamosi, nauli haijatimia, cherehani anaijua, ataje bei yoyote.

"Sinunui kwa anayefukuzwa," akasema.

"Sifukuzwi. Naondoka mwenyewe."

"Basi usiondoke."

Nilimwambia mengi. Nilimwambia huruma yake haitanipakia kwenye basi. Nilimwambia kwamba yeye ana lango la chuma na analala kwa mtoto wake, kwenye nyumba ya ukuta mrefu, na mimi nina kabati nyuma ya mlango. Nilimwambia mama yake angalau alitoa viazi. Hapo akageuka, akaenda kwenye rafu akavuta jora la turubai la kijivu, lile la kushonea mabegi ya shule, akaliweka mezani mbele yangu.

"Shona begi," akasema. "La mgongoni. La mtoto. Kaa hapa, shona."

Nimekuja kwa nauli, napewa kitambaa. Hasira niliyoisikia siku ile sijawahi kuisikia tena, hata kwa baba wa binti yangu. Niliacha turubai palepale, nikashuka ngazi na kulibamiza lango mpaka likarudi likafunguka tena, na sikugeuka kulifunga.

Jumamosi basi liliondoka bila sisi. Binti yangu aliimba akiosha uso, na nilimsikia.

Na kama mtu ametuchezea shere, wiki iliyofuata mambo yakapoa. Viongozi wakasema waliyosema, maaskari wakajaa kwenye maroboti, yaani taa za barabarani, maduka madogo ya spaza yakafunguliwa, watu walewale wakaanza kununua mkate kwa watu walewale. Nikabaki kwenye chumba kitupu chenye kabati na magodoro mawili ya kuazima. Jirani msusi akatuita tule kwake ili tusihangaike. Nikala ugali wangu kwenye sahani yangu, uliopikwa kwenye sufuria yangu, chini ya pazia langu la maua, huku mwenye nyumba akinikaribisha niongeze. Nilipomwomba aniuzie tena japo sufuria mbili, akasema kwa upole:

"Eish, dada, saa hii bei imepanda. Niko nimezisugua."

Sikuwa na lingine ila kurudi Jeppestown. Nilipanda ngazi nimejiandaa kugombana au kuomba radhi, chochote kitakachotangulia, na Bibi hakunipa nafasi ya hata kimoja. Alinisukumia fungu la sare kana kwamba nilichelewa dakika tu. Cherehani yangu ilikuwa mahali pake, imefunikwa shuka ili majivu ya mtaani yasiingie. Nikapitisha uzi. Siku ile nilishona mpaka mgongo ukauma, na jioni binti yangu alikula chakula nilichonunua mwenyewe. Nililijua lile jambo vizuri kabisa: kama Bibi angenikubalia Alhamisi ile, ningekuwa nimemuuzia mikono yangu. Kulijua hakukuniondolea hasira. Kama vurugu zingezidi badala ya kupoa, msimamo wake ungetuua, na hilo nalo nilimwambia siku chache baadaye, umeme ulipokatwa.

Tulikuwa wawili tu. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani ya miguu, yeye kwenye kigoda chake na wembe.

"Huenda," alijibu. "Sijui."

Nikamuuliza basi turubai lilikuwa la nini. Nilimwuliza vibaya, kama mtu anayedai. Ndipo akanipa kipande cha hadithi ambacho miaka minne alikifunika blanketi.

Siku ambayo Wajapani waliitwa bandarini, alfajiri, mke wa msimamizi alirudi mlangoni kwao. Alikuwa na pazia la sebule yake mkononi, zito, limekatwa tayari. Hakuja kudai cherehani. Aliomba aikalie kidogo tu, ashone begi la mgongoni la mtoto wake, kwa sababu kila mtu angebeba kwa mgongo wake na mtoto hakuwa na begi. Mama yake Bibi alisimama katikati ya mlango. Baba alikuwa amewafanyia kazi Wajapani, na siku zile walioitwa vibaraka walikuwa wakitembezwa mitaani na mabango shingoni. Madirisha ya majirani yalikuwa wazi. Mama akasema, kwa sauti kubwa ya kusikika hadi ng'ambo, kwamba hamjui huyu mwanamke. Yule akainama kama walivyozoea kuinama, akashukuru, akaenda kukaa chini ya ukuta wa kiwanda, kwenye baridi ile, akashona begi kwa mkono. Bibi alimtazama dirishani. Vidole vya yule Mjapani vilikuwa havikunjiki kwa baridi. Hakuwa amemaliza walipoitwa, akaondoka na sindano ikining'inia kwenye kitambaa.

Nilitoa miguu kwenye pedali. Sikujua niweke wapi mikono yangu.

"Haijawahi kuharibika," alisema Bibi, akiitazama cherehani kwa mara ya kwanza nikiwa pale. "Hata mara moja. Mama alitushonea nguo zote kwa hiyo. Nguo ya harusi yangu. Mimi nilikuwa naomba ivunjike."

Halafu akaniambia niendelee, sare zinasubiriwa Ijumaa.

Ningependa kuishia hapo, lakini Desemba ikaja na mambo yake. Umeme ulikuwa unakatwa kutwa mara kadhaa, saluni hazikaushi nywele, na jirani yangu msusi alikuwa amevunjiwa kibanda mara ya pili. Siku moja akapanda ngazi za karakana akihema, na mfuko mkubwa wa Kichina wa milia mkononi. Alikuwa anarudi Bukavu, yeye na mtoto wake mdogo wa kiume, basi la Lusaka siku ya pili yake. Akatoa sufuria zangu moja baada ya nyingine, na mifuniko yake, akazipanga mlangoni. Kwa kweli alikuwa amezisugua. Akaniambia nizichukue kwa bei ileile aliyonilipa, kwa kuwa mimi ni dada yake.

Nilizitaka. Nisijifanye mtu mwema. Tangu Septemba nilikuwa napikia sufuria moja iliyopinda, na zile zilikuwa zangu, nilijua ipi inaunguza na ipi haiunguzi. Nikafungua mdomo kusema nazichukua, na nikamwona Bibi kwenye kigoda. Alikuwa anafumua nyuzi. Hakuniangalia hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi, maana angeniangalia ningepata sababu ya kukaidi.

"Sinunui," nikasema.

"Dada." Aliweka mfuniko chini polepole. "Mimi nilikununulia. Wewe unanikatalia?"

Alikuwa na haki. Nilimwambia sufuria hazikosi mnunuzi, atangaze kwenye kundi, kabla ya jioni atawapata watu wa kusali naye. Alicheka kidogo bila kupenda. Kisha nikamuuliza mtoto atabeba vitu vyake kwenye nini.

Akaonyesha mfuko wa plastiki wa dukani.

Niliamka nikaenda kwenye rafu. Jora la turubai la kijivu lilikuwa palepale. Umeme haukuwepo, basi nikaivua blanketi cherehani ya kona, nikakata, nikakaa. Turubai ni zito, halitaki kufuata, na mtu mmoja peke yake akishona mshono mrefu linamvuta mikono upande. Nilipofika kwenye mshono wa mgongo, lilianza kuteleza mezani. Nikataka kumwita msusi ashike, lakini Bibi alikuwa ameshainuka. Akaja upande wa pili, akashika ncha ya turubai kwa mikono yote miwili na kuinyoosha, akaisukuma kuelekea kwenye sindano taratibu kadiri nilivyokanyaga. Nilishona mikanda, nikarudia kila mshono mara mbili, nikatia mfuko wa mbele wenye zipu.

Msusi alisimama akingoja, ameegemea ukuta, mkono shavuni. Sufuria zangu zilikuwa palepale mlangoni, zinang'aa, na kila nilipogeuza kitambaa nilikuwa naziona.